Nachora kikombe wiki ya tatu sasa, mdomo wake bado haukai sawa. Kosa ni la mkono, la jicho au nini?

#1 Mwana wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Niende moja kwa moja. Nina miaka 27, kazi yangu uwakala wa kutuma na kutoa pesa, na kibanda kikipoa mchana huwa nachora. Tangu niko mdogo natamani kujua kuchora, na mwezi huu nimeamua kuanzia chini kabisa: mistari mitupu, hakuna kivuli, hakuna rangi. Nimechukua kikombe cha bati, vile vyeupe vyenye ukingo wa bluu, nakiweka juu ya kaunta nakichora angalau mara 3 kwa siku. Leo ni siku ya 19.

Mambo mawili yananitesa. La kwanza, mdomo wa kikombe ukifika kwenye karatasi unakuwa kama jicho la mtu, umechongoka kulia na kushoto. Nikijitahidi kuuviringisha unafunguka mno, utadhani nakichungulia kikombe kutoka darini. La pili, mstari wangu una manyoya. Nashindwa kuvuta mstari mmoja mpaka mwisho. Navuta vipande vipande hadi unafanana na kamba ya katani iliyofumuka.

Kosa liko mkononi, machoni, au kuna kitu cha msingi nimekiruka? Natumia penseli ya HB na karatasi za rimu. Mwenye uzoefu anisaidie.

#2 Dogo wa Kigamboni

Weka picha mkuu.

#3 Mwana wa Tabata

Nimeweka tatu: ya siku ya 1, ya 10 na ya 19.

#4 Mchora Mabango

Nimeziangalia zote. Kijana, wewe unachora kwa vidole.

Nimeandika mabango Temeke miaka 22: vinyozi, magereji, maduka ya dawa. Herufi inayomuumbua fundi ni O. Ukiandika SALUNI hakuna atakayekuuliza kitu, lakini andika DUKA LA DAWA LA MOROGORO kwa O za futi moja uone watu watakavyosimama kuziangalia. Vidole vinakufikisha sentimita chache tu kisha vinagota, ndipo unanyanyua, unashusha tena, na hapo ndipo manyoya yanapoota. Mstari mrefu unatoka begani. Kiwiko kisiegemee popote.

Fanya hivi. Simama, au kaa na karatasi uibane kwenye kipande cha ubao ulioinuliwa. Kabla penseli haijagusa, pitisha mkono hewani mara mbili tatu kwenye njia ile ile. Mkono ukishaizoea njia, shuka nayo bila kusimama. Macho yaangalie mstari unakokwenda kuishia, yasifuate ncha. Jaza ukurasa mzima wa duara kila asubuhi kabla hujagusa hicho kikombe.

#5 Hina na Piko

Mzee Mabango shikamoo. Hapo kwenye bega naomba nitofautiane na wewe.

Napaka hina na piko Magomeni. Bibi harusi anakaa mbele yangu saa tano nzima, na mstari wote unatoka kwenye vidole na kifundo cha mkono. Hauna manyoya hata kidogo, na maua yenyewe ni membamba kama uzi. Kinachonisaidia ni kwamba hina haifutiki. Nikishabinya koni nimeshaamua.

Kaka wa Tabata, nimeiangalia picha yako ya siku ya 10, karatasi imechubuka kwa kufutwa. Mwenye ufutio mkononi anavuta mstari akiwa tayari ana mpango wa kuukana. Weka penseli pembeni wiki moja, chora kwa biki. Mstari ukikosea uache hapo hapo, vuta wa pili pembeni yake. Manyoya ni woga, si bega.

#6 Mchora Mabango

Marahaba mwanangu. Ua lako lina ukubwa wa kucha. Ukipewa ukuta wa mita tatu utaliita bega.

#7 Ticha wa Buguruni

Wote wawili mnajadili mkono. Mimi naomba turudi kwenye picha ya siku ya 19 na tuache mdomo, tuangalie kitako.

Kitako amekichora mstari ulionyooka kama rula. Manyoya yapo, lakini umenyooka. Kwenye picha ya kikombe halisi aliyoiweka pembeni, kitako kimepinda, na kimepinda kuliko hata mdomo. Sasa mkono uliweza kupinda mdomoni, kwa nini ukatae kitakoni? Kwa sababu anajua kikombe kimekaa juu ya kaunta iliyonyooka. Amechora anachokijua.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1972 watafiti Freeman na Janikoun waliwapa watoto kikombe kilichogeuzwa ili kishikio kisionekane na ua lililochorwa ubavuni lionekane. Watoto wadogo walichora kishikio ambacho hawakioni, kwa sababu kikombe wanachokijua kina kishikio. Nimelijaribu mwenyewe kwa darasa la pili, kikombe cha plastiki juu ya meza yangu, kishikio kimeelekea ubaoni. Kuna binti aliinuka kutoka dawati la nyuma akaja kuzunguka meza, akahakikisha kishikio kipo, akarudi kukichora. Daftari lake ninalo mpaka leo.

#8 Dogo wa Kigamboni

Kumbe mleta uzi yuko darasa la pili 😂

#9 Ticha wa Buguruni

Dogo, na wewe umo. Mwanasaikolojia Robert Thouless alionyesha mwaka 1931 kwamba hata watu wazima wakiangalia duara lililolala mbele yao wanaliona la mviringo zaidi ya umbo linalofika jichoni. Akili inalirudisha duara kwenye uduara wake. Ndiyo maana mdomo wa kikombe cha Tabata unafunguka mno. Hakuna ukurasa wa duara utakaomponya, mpaka ajifunze kupima.

Mwana wa Tabata, nyoosha mkono wote mbele, kiwiko kisipinde, funga jicho moja. Simamisha penseli, pima kwa kucha uwazi wa mdomo kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kisha ilaze, uhesabu kipimo hicho kinaingia mara ngapi kwenye upana. Kiwiko kikipinda tu, kipimo kimekufa.

#10 Mkata Ramani

Mimi nasoma usanifu majengo, mwaka wa kwanza wote tulikuwa kwenye masanduku na mapipa. Ticha kasema kweli ila umbo lenyewe lina kanuni, na ukizijua hupapasi.

Duara likiangaliwa kwa kuinama linakuwa duaradufu. Duaradufu haina kona popote, hata kwenye ncha zake mbili: pale panageuka kwa mviringo mdogo, panabana lakini panageuka. Kikombe kikiwa kimesimama, chora kwanza mhimili wake, mstari mwepesi wa kushuka katikati. Upana wa duaradufu ukae msalaba juu ya mhimili huo, kulia na kushoto sawa. Chora duaradufu yote, hata sehemu ya kitako iliyojificha nyuma, kana kwamba kikombe ni cha kioo. Na duara linavyozidi kushuka chini ya usawa wa macho yako ndivyo linavyozidi kufunguka, ndiyo maana kitako kimepinda kuliko mdomo kama Ticha alivyoona.

Jambo moja wengi hukosea: katikati ya duaradufu si pale ilipo katikati ya duara lenyewe. Katikati ya duara inakaa nyuma kidogo, kwa sababu nusu ya mbele iko karibu nawe na inaonekana kubwa zaidi. Kwa kikombe hutaona tofauti. Kwa sinia la pilau utaiona.

#11 Mwana wa Tabata

Asanteni sana wote. Nimekaa na kikombe jana na leo, naleta majibu.

Kupima kwa penseli: uwazi wa mdomo unaingia mara 5 kwenye upana. Nikapima mchoro wangu wa siku ya 19: unaingia mara 2 na nusu. Yaani nilikuwa naufungua mara mbili ya unavyoonekana, na macho yangu yalikuwa yananiambia nimepatia! Nimerudia kupima mara nyingi kwa sababu sikuamini.

Biki: dada wa hina kasema kweli. Manyoya yamepungua sana. Ila mdomo umebaki vile vile, mstari safi wenye kosa lile lile.

#12 Kinyago cha Mwenge

Nachonga mpingo. Naomba niseme kitu ambacho hamjakigusa.

Mkata Ramani anamfundisha kijana kuchora kikombe ambacho hata hakipo mezani. Mhimili, msalaba, duaradufu, unaweza kumaliza bila kuinua kichwa. Kitatoka kizuri lakini si kile cha kwake. Hicho cha kwake kimebonyea ukingoni upande wa kushoto, na bati limebanduka pale karibu na kishikio. Kwenye michoro yote mitatu sijauona ule ubonyeo.

Ukikishika, kikombe hakina mstari mahali popote. Pitisha kidole ubavuni kinazunguka tu mpaka kirudi kilipoanzia. Mstari unaouchora ni pale ubavu unapoligeukia jicho lako kisogo. Sogeza kichwa kidogo na mstari umehama. Kwa hiyo nakushauri: weka jicho ukingoni, weka ncha kwenye karatasi, usiangalie karatasi kabisa. Jicho litambae polepole kama siafu, na mkono utambae nalo. Likifika kwenye ubonyeo, mkono ubonyee. Kitatoka kikombe kilichopasuka, kimeachana mdomo na kitako. Kiache hivyo hivyo.

#13 Ticha wa Buguruni

Zoezi hilo mwalimu wa uchoraji Kimon Nicolaïdes alilieleza kwenye kitabu chake kilichotoka 1941, na ushauri wake ulikuwa karibu na huo wako: amini kwamba ncha ya penseli inagusa kitu chenyewe. Naona wachonga vinyago mlilijua kwa njia yenu.

#14 Mkata Ramani

Kinyago, nakubali kuhusu ubonyeo. Lakini mtu asiyejua umbo zima ataujuaje ubonyeo? Utaona tu kwamba mstari umeyumba, hutajua umeyumba bati au umeyumba mkono.

#15 Kauli Moja

Wakuu mimi naona mnampotosha kijana. Haya mambo ya kukaa na vikombe na matunda ni ya vyuo vya Ulaya. Edward Tingatinga alipima kikombe wapi? Alichukua rangi akapaka, hadi anafariki 1982 kazi zake ziko kila mahali. Kijana chora simba, chora ndege, uza.

#16 Mchora Mabango

Rekebisha mwaka. Tingatinga alifariki 1972, hapa hapa Dar, na alikuwa amepaka kwa miaka michache tu. Kazi ile kaianza mwishoni mwa miaka ya 60, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya mbao za masonaiti.

Na kama unasema mstari, nenda kasimame pale kwa mafundi wa Oysterbay umwangalie mtu anavyovuta shingo ya twiga. Mvuto mmoja, kutoka bega la twiga hadi sikio. Rangi ile ukisitasita inaganda ikikuangalia. Huyo hajapima kikombe, kweli, lakini shingo ya twiga kaivuta mara ngapi?

Mimi nimekua nikimwona Chakubanga, yule wa katuni za Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Mistari michache kabisa, na mtu unamjua hadi tabia.

#17 Kauli Moja

Sawa mzee, 1972, nimekosea. Hoja yangu ya kuuza ipo pale pale.

#18 Mwana wa Tabata

Mkuu Kauli Moja, sichori niuze. Nataka nikikiangalia kitu nikione.

#19 Mama Wawili

Naomba kuuliza tofauti kidogo. Mwanangu ana miaka 6, akichora anailamba ncha ya penseli. Si kalamu ya risasi hiyo? Naogopa sumu.

#20 Ticha wa Buguruni

Dada, jina tu ndilo linatisha. Ndani hamna risasi. Ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, namna ambayo Mfaransa Conté aliibuni mwaka 1795. Zamani watu waliidhani grafaiti ni aina ya risasi, na jina likabaki. Udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na hafifu, hizo ni H. Grafaiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi, hizo ni B. HB iko katikati. Mkataze kulamba kwa ajili ya uchafu wa dawati.

#21 Mchora Mabango

Na wewe Tabata, ukipita Kariakoo tafuta 2B. HB inakufanya ukandamize. Ukisharudi, acha kikombe kipumzike siku moja, chora mbuzi.

#22 Dogo wa Kigamboni

Mzee huyu hajamaliza kikombe unampa mbuzi? Mbuzi hatulii, mimi nimemchora wa jirani kageuka mara sita.

#23 Mchora Mabango

Mbuzi ya kukunia nazi, Dogo! Ile iko jikoni kwenu, haijageuka tangu uzaliwe.

#24 Hina na Piko

Hahaha, nimecheka hadi koni imetema. Ila mbuzi ni kitu kizuri sana cha kuchora. Miguu inakatana, na kuna zile nafasi za pembetatu katikati ya miguu. Chora hizo nafasi, usichore miguu. Miguu itajitokeza yenyewe. Hina ya Kihindi tunaipaka hivyo hivyo, ngozi inayoachwa wazi ndiyo inayotengeneza ua.

#25 Fundi Vioo

Nimeusoma uzi wote toka mwanzo, sijaona mtu aliyeuliza karatasi ilikaaje.

Mleta uzi kasema yuko kibandani, kaunta. Nina hakika karatasi imelala chali kwenye kaunta ile ile kilipo kikombe, na yeye kakaa kwenye stuli fupi. Sasa karatasi iliyolala unaiona kwa kuinama, imefinywa, sawasawa na mdomo wa kikombe unavyofinywa. Ukichora duaradufu juu ya karatasi iliyofinywa, ili uione sawa na kikombe lazima uirefushe kwa juu na chini. Ukiisimamisha karatasi, ndipo unaona imefunguka mara mbili. Jicho lako zima na mkono wako mzima, aliyekuhadaa ni kaunta.

Ticha, hapo darasa la pili halihusiki.

#26 Mwana wa Tabata

Mkuu Fundi Vioo umejuaje stuli ni fupi!

Nimejaribu leo asubuhi. Nimeegemeza ubao wa kukatia mboga kwenye boksi la vocha, karatasi nimeibana na vibanio vya nguo, ikawa imesimama karibu kunitazama. Nimechora vikombe 6 bila kupima kitu. Nikavipima baadaye: uwazi unaingia kwenye upana kama mara 4. Si mara 5, lakini pia si 2 na nusu tena.

#27 Ticha wa Buguruni

Na hiyo moja iliyobaki kutoka 4 hadi 5 ni ya Thouless. Kaunta imechukua yake, akili imebaki na yake.

#28 Fundi Vioo

Au ubao haujasimama vizuri. Boksi la vocha lina urefu gani?

#29 Mchora Mabango

Mimi nilimwambia ubao uinuliwe tangu bandiko #4. Mkasema bega, bega.

#30 Kinyago cha Mwenge

Na mwanga? Hakuna aliyemuuliza anachora saa ngapi. Jua la Dar saa sita linakuja juu ya paa. Karibu na mwanzo wa Machi, na tena Oktoba, linapita utosini kabisa. Ubavu wa kikombe unakuwa wa rangi moja, huoni panapogeuka, unabaki kubahatisha. Mimi sichongi uso wa kinyago saa hizo. Jaribu saa mbili hadi saa nne asubuhi, mwanga uingie kwa ubavuni, ukingo utajitenga wenyewe.

#31 Mwana wa Tabata

Nachora saa saba hadi saa tisa kaka, ndiyo muda wateja wamepungua. Asubuhi foleni. Nitajaribu Jumapili.

#32 Msomaji wa Sinza

Napita tu. Kwa anayeona wiki tatu kwa kikombe kimoja ni nyingi: mchoraji Giorgio Morandi wa Bologna, Italia, aliyeishi kuanzia 1890 hadi 1964, alichora na kupaka chupa, makopo na mitungi ile ile sehemu kubwa ya maisha yake. Tabata endelea.

#33 Mkata Ramani

Jumapili hiyo hiyo nenda Coco Beach na kikombe chako. Mstari wa bahari na mbingu ndio usawa wa macho yako, uwe umesimama au umechuchumaa, unakufuata. Kiinue kikombe mpaka ukingo wake ufike kwenye mstari ule, uone kinachotokea. Halafu kishushe polepole. Ni somo la dakika mbili, kuna watu mwaka mzima hawajalielewa ubaoni.

#34 Dogo wa Kigamboni

Huku kwetu bahari ipo pia, aje na mbuzi.

#35 Mwana wa Tabata

Nimerudi Coco sasa hivi, mchanga umejaa kwenye viatu.

Nimefika saa moja na nusu asubuhi, maji yametoka, watu wachache wanakimbia. Nimekinyoosha kikombe mbele, jicho moja nimefumba. Kilipofika kwenye mstari wa bahari ule mdomo ulifunga! Duara lote likawa mstari mmoja, ukingo wa bluu umelala juu ya bahari ya bluu, sioni ndani wala nje. Nikakishusha kama nusu shibiri, ukafunguka uwazi mwembamba kama kipande cha kucha. Nikakishusha hadi kiunoni, nikaona hadi alama ya chai kitakoni. Nimerudia kupandisha na kushusha hadi jamaa mmoja anayeuza madafu akaja kuniuliza kama natafuta maji.

Nimechora 9 pale pale nimekaa kwenye jiwe, ubao mapajani, mwanga wa ubavuni kama Kinyago alivyosema. Ubonyeo wa kushoto nimeupata kwenye mbili.

Sasa limezuka jingine. Nilikiinua kikombe juu ya mstari wa bahari, juu ya kichwa. Hapo mdomo unapinda kinyume, ukingo wa mbele unakwenda juu kama upinde. Nimeuona kwa macho yangu, nimejisemea kwa sauti "unakwenda juu". Nikashika biki, nikachora mara 4, na mara zote 4 mkono ukaupinda kwenda chini kama kikombe kilichoko mezani. Ubao ulikuwa umeinuliwa. Mwanga ulikuwa mzuri. Biki ilikuwa moja bila kufuta. Hapo aliyekosea ni nani?

#36 Mchora Mabango

Mkono umezoea. Siku 24 unaupeleka chini, unataka upande kwa siku moja?

#37 Ticha wa Buguruni

Mkono hauna kumbukumbu ya vikombe, mzee. Tabata, weka hizo picha zote 4, na kama kuna uliyoikunja ukaitupa mfukoni ikunjue, uiweke pia.